Bondo haliendi mfupani zima zima

Kila nikipita Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, lazima nilisikie: "Chemsha ngozi ya sangara, ukipata bondo ndiyo kabisa, kolajeni yote inaingia kwenye mifupa." Bondo ni kile kifuko cha hewa cha samaki, na kolajeni ni protini inayoshikilia ngozi na mifupa. Siku hizi kuna na unga wa kolajeni wa kopo, unauzwa kwa maneno hayohayo kwa wazee wenye mgongo unaouma. Jamani, hapana.

Bondo limejaa kolajeni, hilo sibishi. Na mfupa nao, ukiondoa madini na maji, karibu asilimia 90 ni kolajeni. Watu wanaona hesabu imekubali. Haijakubali. Ngozi ikichemshwa inatoa jelatini, jelatini ikikatwa kwa vimeng'enya inatoa peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino (vijenzi vya protini), na ukishakunywa, utumbo unaendelea kukata. Zinazofika kwenye damu ni asidi amino na vipande vichache vya asidi amino mbilimbili au tatutatu.

Kinachoniudhi zaidi ni hidroksiprolini, ile asidi amino ya kolajeni inayosifiwa kwenye makopo. Osteoblasti, seli inayojenga mfupa, haina njia ya kuichukua uliyokula na kuifuma kwenye kolajeni mpya. Inafuma prolini, asidi amino ya kawaida, halafu inaigeuza ikiwa tayari kwenye mnyororo, na kazi hiyo haiendi bila vitamini C. Ndiyo maana maabarani kwetu sahani za kukuzia seli tunazitia vitamini C, ziwe na peptidi ya samaki au zisiwe nayo. Muuza kopo hataji kabisa machungwa wala mapera, na hilo ni kumnyima mgonjwa nusu ya habari.

Lakini siwezi kusema peptidi hazifanyi kitu. Prolini iliyoshikana na hidroksiprolini huponyoka mmeng'enyo na huonekana kwenye damu. Osteoblasti za panya zikilishwa peptidi za samaki, fosfatasi alikali, kimeng'enya kinachoonyesha seli inajenga mfupa, hupanda, na baada ya wiki kadhaa, ukitia alizarini, rangi inayoshika kalsiamu, madoa mekundu ya kalsiamu huwa mengi kuliko kwenye sahani isiyo na peptidi. Mimi nasoma hiyo kama ishara kwa seli, si tofali la kujengea mfupa. Shaka yangu iko kwenye kipimo: kwenye sahani naamua mimi seli ipate kiasi gani; mwilini unaamua utumbo. Mwaka 2018 Wajerumani walichapisha jaribio la wanawake 131 waliokoma hedhi: waliopewa gramu 5 za peptidi kila siku kwa mwaka mmoja waliongezeka msongamano wa mfupa. Matokeo mazuri, ila zile ni peptidi zilizopimwa kwa mizani, si mchuzi.

Ukitaka kalsiamu, kula dagaa na mifupa yao. Na aliyevunjika nyonga kwa kuteleza tu aende hospitali apimwe, kwa sababu dawa za kuzuia mfupa kulika zipo.