Kurekodi dramu nyumbani: tatizo si uchache wa maiki

Wiki hii nimeletewa tena treki za dramu zilizorekodiwa chumbani, treki 11 kwa wimbo mmoja, na swali ni lilelile: "Kaka, mbona sneya inasikika nyembamba wakati nimeweka maiki kila mahali?" Sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali mbele ya mpigaji, ni nyembamba kwa sababu maiki ziko kila mahali. Nimeshalijibu hili mara nyingi kwa simu, sasa naliandika.

Dhana: Maiki zikiwa nyingi, dramu inakuwa nene

Hii inaniudhi kuliko nyingine zote, kwa sababu inawafanya vijana waahirishe kurekodi hadi wapate fedha za seti ya maiki nane, na zikishapatikana zinawaharibia kazi.

Kila maiki unayoongeza inasikia dramu nzima, si kile kipande ulichoielekezea tu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 hivi kwa kila milisekunde. Chukua pigo moja la sneya. Linaingia kwenye maiki ya karibu, kisha linafika kwenye maiki ya juu iliyo mbali zaidi kwa sentimita 86. Limechelewa milisekunde 2.5. Ni kitambo kidogo mno, lakini kwa mtetemo wa hezi 200 (mara 200 kwa sekunde) huo ni muda wa nusu wimbi: huku linapanda, kule linashuka. Zichanganye treki hizo na mawimbi yanaanza kufutana. Na sneya nyingi zina tumbo lao, yaani unene wa sauti, maeneo hayohayo ya hezi 200.

Kwa hiyo ule unene ulikuwamo kwenye kila treki ukiisikiliza peke yake, ukapotea ulipoziunganisha. Usiufukuzie kwa ikwalaiza, kile kifaa cha kupandisha na kushusha sauti nene au nyembamba. Ukipandisha hezi 200 kwenye treki zote mbili umepandisha vitu viwili vinavyofutana. Tena hesabu ukubwa wa kazi: maiki 2 ni jozi moja ya kukagua, maiki 11 ni jozi 55.

Glyn Johns, fundi sauti wa Uingereza, alijulikana kwa kurekodi dramu za bendi kubwa kwa maiki tatu au nne tu. Nami ndiko ninakoanzia kila mara: moja juu ya sneya, ya pili pembeni mwa tomu ya chini (ngoma kubwa inayosimama sakafuni) ikiangalia upande wa sneya, ya tatu kwenye kiki, ngoma ya kupigwa kwa mguu. Chukua uzi, bana ncha moja katikati ya sneya, uvute hadi kwenye maiki ya juu, kisha uzungushe hadi kwenye ile ya pembeni. Umbali ulingane. Uzi huo una faida kuliko programu yoyote ninayoijua ya kusawazisha mawimbi, na nawasihi wateja wangu wasirekodi bila kuutumia.

Kisha sikiliza kwa mono, yaani treki zote zikiunganishwa kuwa sauti moja. Ukiongeza maiki ya nne kwenye sneya, bonyeza kitufe cha kugeuza wimbi, kile chenye alama ya duara lililokatwa kwa mstari, ubaki na upande unaokupa tumbo kubwa zaidi. Maiki ya chini ya sneya karibu kila mara inahitaji kugeuzwa, kwa sababu fimbo ikitua, ngozi ya juu inaikimbia maiki yake wakati ya chini inaisogelea yake.

Dhana: Trei za mayai zinatibu chumba

Hazitibu. Zinapunguza kidogo sauti za juu, za chini zinapita kama hazipo. Wimbi la hezi 80 lina urefu unaozidi mita 4. Karatasi nyembamba italifanya nini? Dari fupi ndiyo adui mkubwa wa chumba cha nyumbani, maana sauti inagonga pale na kurudi kwenye maiki za juu papo hapo. Tengeneza paneli ya sufu ya mwamba yenye unene wa sentimita 10 au zaidi, ifunike kwa kitambaa, itundike juu ya dramu kabla ya kugusa kuta.

Dhana: Ngoma mbaya itarekebishwa kwenye miksi

Ngoma huwambwa kwanza. Ngozi iliyochakaa ibadilishwe, kila skrubu ikazwe ilingane na wenzake: gonga ngozi karibu na kila skrubu, usikie noti ileile ukingo mzima. Mwito mbaya wa tomu ukishaingia kwenye maiki za juu, umechanganyika na matoazi yote. Utautoaje?

Dhana: Taa iguse nyekundu ndipo sauti iwe na nguvu

Ukirekodi kwa biti 24 (mpangilio wa ubora kwenye programu), acha vilele vifike desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha mita. Basi.

Dhana: Mpiga dramu apige kwa nguvu zote

Apige ngoma kwa nguvu na matoazi kwa wepesi. Haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, ikipigwa kama adui inajaa kwenye maiki ya sneya, na kila ukiipandisha sneya inapanda nayo. Mrekodi dakika moja, mpe hedifoni ajisikilize. Wengi hulegeza mkono wa haihati wenyewe kabla hujawaambia neno.