Tokeo lisilotarajiwa: maana yake katika fizikia

Mwanafizikia anapoanza kupima kitu huwa tayari ana namba kichwani, aliyoipata kwenye nadharia au kwa waliomtangulia. Kipimo kikigoma kulingana na namba hiyo, na tofauti ikazidi kosa la kawaida la kifaa, hapo ana tokeo lisilotarajiwa. Watu wengi hudhani huo ndio ugunduzi, kumbe bado sana.

Kwanza huja shaka. Mtu hujishuku mwenyewe, kisha vifaa vyake, kisha programu iliyopiga hesabu.

Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakitumia antena kubwa ya redio yenye umbo la pembe, kama baragumu, huko Holmdel, New Jersey, Marekani. Ilikuwa na mvumo wa ziada, kiasi cha kelvini 3.5 tu (kelvini ni kipimo cha jotoridi, na nguvu ya mvumo wa antena huelezwa kama joto), ambao haukuwa na maelezo. Wakaigeuzia antena upande wa jiji la New York: mvumo ni ule ule. Usiku na mchana, majira yakija na kwenda, ule ule. Ndani ya pembe walikuta njiwa wameweka makazi na kuichafua kwa mavi. Wakawatoa, wakasugua, wakabandika utepe wa alumini kwenye maungio. Mvumo haukwenda popote. Ndipo wakapata habari kwamba Robert Dicke na wenzake, pale Chuo Kikuu cha Princeton, walikuwa wakijiandaa kutafuta mabaki ya joto la mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu. Walichotaka kukitafuta kilikuwa kinavuma tayari Holmdel. Mwaka 1978 Penzias na Wilson wakapewa Tuzo ya Nobel. Watu hupenda kusimulia habari za njiwa. Mimi navutiwa zaidi na ule utepe wa alumini, maana unaonyesha walivyokuwa wamebanwa.

Mambo huweza kwenda kinyume. Septemba 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba neutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilizorushwa kutoka CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, zilionekana kuitangulia nuru kwa nanosekunde 60 (nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde), ilhali nadharia inasema hakuna kinachoipita nuru. Walikuwa wamekagua kwa miezi kadhaa, na wakawaomba wengine wawasaidie kutafuta kosa. Takwimu zao zilikuwa nzito, kwa kuwa walikuwa wamepima maelfu ya neutrino. Shida ni kwamba kurudia kipimo hupunguza makosa ya kubahatisha tu. Kosa lililojificha ndani ya kifaa hurudi vile vile kila mara, hata ukipima mara elfu kumi.

Mwaka 2012 likaonekana: kebo ya kupitisha nuru, iliyoleta ishara ya saa kutoka kwenye kipokezi cha GPS, haikuwa imekazwa sawasawa. Vipimo viliporudiwa, neutrino hazikuitangulia nuru tena.