VAR (arbitri wa video) haiangalie kila faulo, jamani

Hapa Lubumbashi mechi ikiwa kwenye tele utasikia tu batu banalalamika, «juu ya nini VAR haimuite arbitri, si ule amesukumwa katikati ya kiwanja?» Hapana, haiko kazi yake. Tangu 2018 iko mu sheria za mpira kwa mambo machache, kama goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, ao arbitri akikosea mtu, akipatia kadi mwengine mwenye hakufanya ile kosa. Faulo ya katikati itaangaliwa kama njo ilizaa goli ao inastahili nyekundu, la sivyo inapita, hata kama inauma (na inauma kweli). Na kosa ikuwe wazi, si ya fifti-fifti, na mwenye kukata neno anabakia arbitri wa kiwanjani, VAR inamushauri tu.