Fimbo Haina Kosa: Dhana Potofu Kuhusu Kutundika Mapazia

Simu za namna hii huingia asubuhi na mapema. "Fundi, ile fimbo uliyotuletea ni mbovu, imeanguka usiku na mapazia yote." Nikifika naikuta fimbo imelazwa juu ya kochi, haijapinda wala haijakatika. Kilichong'oka ni kishikio, yaani kile chuma cha ukutani kinachoibeba. Skrubu zake bado zimevaa fisha, vile vipande vya plastiki vinavyotangulia kwenye tundu la ukuta, na kila fisha imetoka na unga wa plasta. Fimbo imesingiziwa.

Nashona mapazia na kuyatundika mwenyewe hapa Dar es Salaam, na naamini fimbo inayorefuka ni kifaa kizuri ambacho wanunuzi hawaelezwi kinavyofanya kazi. Ni bomba jembamba lililoingia ndani ya bomba nene kidogo. Ukivuta linarefuka, ukisukuma linafupika. Uzuri wake na udhaifu wake vyote vinatoka hapo.

"Boksi limeandikwa hadi mita 3, basi itabeba hadi mita 3"

Namba za kwenye boksi, tuseme sentimita 160 hadi 300, zinakuambia bomba linafika wapi. Hazikuambii litakuwa na nguvu gani likishafika huko. Ukilivuta mpaka mwisho, kipande cha bomba jembamba kinachobaki ndani ya nene kinakuwa kifupi mno, na mzigo wa katikati wote unakilemea kiungo hicho. Kikilegea kidogo tu, fimbo inafanya tumbo.

Iko hesabu ambayo kila anayekwenda Kariakoo kununua fimbo angefaa aende nayo. Chukua bomba lilelile, lenye kitambaa cha uzito uleule kwa kila mita. Ukizidisha mara mbili umbali kati ya vishikio viwili, kupinda kwake hakuzidi mara mbili, kunazidi mara 16. Ndiyo maana fimbo iliyokaa imenyooka chumbani, kwenye mita 1.5, ikihamishiwa sebuleni kwenye mita 3 inalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Unene nao una nguvu kuliko tunavyodhani. Bomba la milimita 25, kama chuma chake kina unene sawa na cha bomba la milimita 16, ni gumu kupindika karibu mara 4.

Kwa hiyo kama dirisha linahitaji mita 2.8, mimi siichukui fimbo inayoishia mita 3. Natafuta inayofika mbali zaidi, ili urefu ninaoutaka uangukie katikati ya namba zake. Na siondoki dukani kabla ya kuivuta hadi urefu huo na kujihakikishia kwamba angalau shubiri moja ya bomba jembamba imebaki ndani.

Kisha kuna kishikio cha katikati, ambacho wateja wengi huniambia nisikiweke kwa kuwa "kinaharibu mwonekano" na "kitazikwamisha pete". Kwa hesabu ile ya juu, kukiweka kunakata umbali nusu, na kupinda kunapungua mara 16 au zaidi. Hakuna fimbo ya bei mbaya itakayokupa faida hiyo. Kuhusu pete, ni kweli haziwezi kuvuka kishikio kilichofungwa pande zote. Lakini mapazia yetu mengi ni pea: moja linatoka kushoto, jingine kulia, na yanakutana katikati. Hakuna pete inayohitaji kuvuka. Tena ule ukingo unaobaki mahali bomba nene linapoishia, ambao hukwamisha pete na kumfanya mtu avute kwa nguvu, unaweza kuuleta papo hapo katikati, jirani na kishikio. Kupinda, kiungo dhaifu na pete kukwama, vyote vinakwisha kwa skrubu mbili. Anayetaka pazia moja pana lipite dirisha zima namshauri reli ya kufunga darini, mradi fundi wa jipsamu aambiwe mapema aweke ubao juu ya bodi. Bodi ya jipsamu peke yake haishiki skrubu ya reli.

Hapa niseme neno kuhusu habari ninayokutana nayo mara kwa mara, kwamba fimbo ya pazia ilibuniwa mwaka 1892 na Mmarekani mweusi. Mtu huyo alikuwepo kweli. Ni Samuel R. Scottron wa Brooklyn, New York, na hataza yake, yaani hati ya serikali ya kumlinda mbunifu, ya fimbo ya pazia ya mwaka 1892 ni ya kweli pia. Lakini fimbo za mapazia zilitumika karne nyingi kabla yake, na hataza hutolewa hata kwa maboresho ya kitu kilichokuwepo. Heshima yake iko mahali pengine, na kwa fundi ni kubwa zaidi. Mwaka 1868 alipata hataza ya vioo vinavyorekebishika, vilivyomwezesha mtu kujiona pande zote. Mwaka 1880 akapata nyingine, ya urembo wa juu ya dirisha unaorekebishika. Akili yake ilikuwa katika vifaa vinavyomfuata mtumiaji badala ya mtumiaji kuvifuata. Mwimbaji Lena Horne alikuwa kitukuu chake.

"Ni uzito wa pazia unaoangusha fimbo"

Tuupime uzito huo. Dirisha la mita 1.5 nalifungia fimbo ya mita 2. Ili pazia liwe na mikunjo ya kutosha, kitambaa kinakuwa mara mbili ya fimbo, yaani mita 4, kikishuka mita 2.4. Jumla ni mita za mraba 9.6. Kitambaa cha kuzuia mwanga chenye gramu 300 kwa mita ya mraba kinatoa chini kidogo ya kilo 3. Ni kama mfuko mdogo wa unga, na ukuta uliofungwa vizuri hauung'amui.

Kinachong'oa ni mkono. Ni mtu aliyechelewa kazini anayelivuta pazia kwa mkupuo mmoja, au mtoto wa miaka mitatu mwenye kilo 14 anayejificha nyuma yake na kuning'inia. Halafu kishikio chenyewe ni wenzo. Kikitoka sentimita 10 ukutani, na skrubu zake mbili zikiachana sentimita 4 tu, moja juu moja chini, basi kila kilo 2 unazotundika zinaivuta skrubu ya juu kwa nguvu ya kilo 5. Vishikio vinavyorekebishwa mbele na nyuma ni msaada mkubwa kwenye nyumba zetu, kwa sababu madirisha yana nondo, yana vitasa, na shela, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga, linataka nafasi yake nyuma ya pazia. Ila ukikivuta kishikio kutoka sentimita 10 hadi 15, zile kilo 5 zinakuwa 7.5. Kitoe kadiri pazia linavyohitaji kupita bila kugusa nondo, kisha ukaze skrubu yake ya pembeni, na kisitoke zaidi ya hapo.

"Fisha zilizo kwenye pakiti zinatosha"

Mwanzoni mwa kazi hii niliamini hivyo, na fimbo ikamwangukia begani mama mwenye nyumba aliyekuwa amesimama chini yake akinisifia kazi. Hakuumia sana, namshukuru Mungu. Nilipochungulia tundu nikaona kosa langu.

Plasta ya kuta zetu kwa kawaida ina unene wa milimita 12 hadi 20. Fisha fupi ya milimita 25 sehemu yake kubwa inaishia ndani ya plasta, na plasta ni ngozi ya ukuta tu. Fisha inafanya kazi kwa kutanuka na kubana kuta za tundu, na ikitanuka ndani ya kitu kinachomeguka, inakimegua. Tangu siku ile natumia fisha ya milimita 8 yenye urefu wa angalau milimita 40, pamoja na skrubu inayofika mwisho wake, ili ishike tofali. Tundu lilingane na fisha. Ukitoboa kubwa ukajaza njiti za kiberiti, umejidanganya. Vumbi litolewe kabla ya kusukuma fisha ndani, hata kwa kupuliza na mrija.

Juu ya dirisha mara nyingi utakutana na lenta ya zege. Watu huiogopa, wakasogeza fimbo juu au chini kukwepa ugumu. Mimi huitafuta. Keekee ya kawaida haitaingia. Inatakiwa ile inayogonga, na ncha ya kutobolea zege. Ikisimama ghafla na kutoa sauti ya chuma, umefika kwenye nondo. Sogea sentimita mbili tatu na uanze upya. Tundu lililotobolewa sawasawa kwenye lenta huniruhusu nilale usingizi.

Mambo ni mengine kabisa Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu, au mitaa ya zamani ya Mombasa. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kupita urefu wa mkono, na keekee inazama kama kwenye mkate. Wepesi huo ndio hatari yake: tundu linapanuka lenyewe na fisha inazunguka ndani. Ninachofanya ni kufunga kwanza ubao mmoja mrefu juu ya dirisha kwa skrubu ndefu sehemu nne au tano, kisha vishikio vinakaa kwenye ubao. Ubao ukipakwa rangi ya ukuta hauonekani. Kama fremu ya zamani ni ya mbao ngumu, usiiguse kabla ya kumuuliza mwenye nyumba. Fremu nyingine zina umri mkubwa kuliko babu zetu.

Na kwa wote wanaoishi karibu na bahari: kung'aa si kinga ya kutu. Chuma kilichopakwa kromu nyembamba hupata vidonda vya kutu mahali pete zinaposugua, kwa sababu hapo mipako inaisha na hewa ya chumvi inaingia. Alumini, mbao, au chuma cha pua hudumu zaidi.

"Fimbo ya springi haitaki tundu, basi inafaa popote"

Hii ndiyo rafiki wa mpangaji ambaye mwenye nyumba amemkataza kutoboa. Inajikaza kati ya kuta mbili kwa springi au kwa kuizungusha, na kinachoishikilia ni msuguano wa mipira ya ncha zake peke yake. Kwa shela kwenye dirisha dogo, au pazia la bafuni, ni nzuri sana. Kwa pazia la sebuleni la kilo 3 linalovutwa kila siku, haifai. Inahitaji kuta mbili zinazotazamana bila kupishana, safi, zisizo na rangi inayobanduka. Na kadiri unavyoirefusha ndivyo inavyolegea, kwa sababu zilezile za bomba ndani ya bomba.

Wengine huleta kipimo cha kioo na kutaka fimbo ya urefu uleule. Pazia likifunguliwa linahitaji mahali pa kukaa. Ongeza sentimita 15 hadi 25 kila upande, lirudi ukutani na kuacha dirisha wazi. Chumba kilekile kitaingia mwanga ambao hukujua unao. Tumia pimamaji, usitegemee mstari wa dari, maana dari nyingi zimelala.

"Kamba ya blaindi ni kamba tu"

Hili ndilo ninalolisema kwa sauti kila nyumba ninayoingia. Blaindi zimeenea ofisini na sasa zinaingia vyumba vya watoto, zikiwa na kamba au mnyororo wa shanga unaoning'inia kama kitanzi. Mtoto mdogo akiingiza kichwa hapo hawezi kujinasua, na hawezi kulia, kwa sababu koo limebanwa. Inatokea kimya, kwa dakika chache, na mzazi akiwa chumba cha pili.

Nchini Marekani, tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa inasema kwamba kwa wastani watoto 9 hivi wa miaka 5 na chini ya hapo hufa kila mwaka kwa kamba za madirisha. Kutokana na vifo hivyo, kuanzia Desemba 2018 kiwango cha huko kinataka blaindi zinazouzwa tayari madukani zisiwe na kamba, au kamba isifikiwe na mtoto. Ulaya, kiwango kilichoboreshwa mwaka 2014 kinataka kitanzi kisishuke chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni kama kimo ambacho blaindi itafungwa kinajulikana.

Blaindi zinazofika mikononi mwangu mara nyingi bado zina kitanzi kirefu. Nikimkuta mteja ana mtoto mdogo namwomba achague isiyo na kamba. Kama ameshainunua, tunahamisha kwanza kitanda cha mtoto, kochi na stuli mbali na dirisha, kwa sababu mtoto hupanda. Kamba ndefu naizungushia kwenye ndoano niliyoifunga juu, mkono wa mtoto usikofika. Kwa mnyororo kuna kibanio kidogo cha plastiki kinachokuja kwenye mfuko wa skrubu, na mara nyingi nakikuta kimetupwa na boksi. Kinafungwa ukutani, mnyororo unapita ndani yake umekazwa, kitanzi hakining'inii tena. Hicho nakifunga kabla sijamwonyesha mwenye nyumba jinsi blaindi inavyopanda na kushuka.