Mafuta ya mise kwenye maumivu ya njia ya haja kubwa

Kigoma hawachanganyi mawese na mise. Mawese ni yale mekundu, yatokayo kwenye nyama ya chikichi. Mise hutoka kwenye kiini kilichomo ndani ya kokwa. Mise ndiyo ya kupaka mwilini, maana mawese hutia doa jekundu kwenye nguo.

Shida ni kwamba kila kinachouma huko nyuma huitwa bawasiri. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba. Ya ndani hutoa damu nyekundu mbichi, mara nyingi bila maumivu. Ya nje huuma sana damu ikigandia ndani ya kivimbe. Mpasuko ni ngozi iliyochanika: huuma kama wembe wakati wa choo, na huweza kuendelea kwa saa kadhaa.

Mafuta hayasinyazi mshipa. Yanalainisha tu, choo kipite bila kukwaruza. Kwa hiyo mwenye mpasuko hupata nafuu, wakati mwenye bawasiri ya ndani huishia kulowesha nguo.

Kalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni dakika 10 hadi 15, ujifute kwa kugusagusa. Kisha chukua mise kiasi cha punje ya njegere kwa kidole chenye kucha fupi, upake ukingoni, si ndani. Fanya hivyo baada ya choo. Kabla ya choo paka tu. Asubuhi ya baridi mise huganda; joto la vidole linatosha kuiyeyusha.

Kabla ya kununua, nusa. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa halifai, wala mafuta yaliyokwisha kukaangia. Chemsha kidogo kwenye kijiko: yakilia tatata yana maji, na yatachacha upesi. Kuongezea kitunguu saumu, tumbaku au pilipili ni kuunguza kidonda. Mafuta ya nyonyo yanapakika pia, ila ukiyanywa utaharisha na kuchanika upya. Mbegu zake ni sumu. Tena, mafuta yoyote hudhoofisha kondomu za mpira.

Choo kikibaki kigumu, hakuna mafuta yatakayosaidia. Ugali wa muhogo kwa dagaa kila siku, bila maharage, mboga wala maji ya kutosha, hurudisha mpasuko palepale.

Mpasuko uliopita wiki 6, choo cheusi kama lami, damu isiyokoma au kukonda bila sababu ni vya hospitali. Uvimbe unaopwita pamoja na homa huenda ni jipu, na mafuta hayafiki usaha ulipo.