Mitoo chungu si sumu, na vinundu vya mizizini si ugonjwa

Jirani yetu mmoja huko Luanda, Vihiga, aling'oa mistari mitatu ya mitoo, mboga ya majani, iliyonawiri akaitupa nje ya ua. Aliona vivimbe kwenye mizizi, akajua tu kwamba shamba limeingiliwa. Niliokota mche mmoja, nikasugua kivimbe kwa kidole kikabanduka bila shida. Nilipokipasua kwa ukucha, ndani kilikuwa cha waridi kama nyama mbichi.

Hicho ni kinundu cha afya. Mitoo ni ya jamii ya kunde, na ndani ya vinundu vyake huishi bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Rangi ile inatokana na protini inayofanana na ile inayotia wekundu damu yetu, na ni ishara kwamba kazi inaendelea. Ugonjwa alioufikiria jirani upo kweli, nao huletwa na minyoo midogo ya udongoni isiyoonekana kwa macho, adui mkubwa wa nyanya. Lakini uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura, hivyo haubanduki mpaka uukate mzizi. Kinachosikitisha ni kwamba aina kadhaa za Crotalaria, jenasi (kundi la mimea) ambamo mitoo imo, hupandwa makusudi ili kuipunguza minyoo hiyo. Alitupa msaada wake mwenyewe.

Basi wengine husikia habari ya nitrojeni wakavuka mpaka upande wa pili: ukishapanda mitoo, mbolea ya nini tena? Fikiri majani yanakwenda wapi. Ukiyachuma yote ukayapeleka soko la Kibuye, Kisumu, kisha ukachoma mashina, sehemu kubwa ya nitrojeni imeondoka nayo. Udongo hufaidika pale mmea unapofukiwa ukiwa bado mbichi, kama wanavyofanya wakulima wa kusini mwa Tanzania, ambako mitoo huitwa marejea. Tena fosforasi, chakula kingine cha mmea, haitoki hewani, na mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya yana upungufu wake. Samadi bado inahitajika.

Dhana ninayoisikia zaidi, hasa kwa vijana waliokulia mjini, ni kwamba mitoo chungu ni ya mwituni na ina sumu, na ile isiyo chungu ndiyo ya kuliwa. Hizi ni aina mbili, na zote ni mboga. Crotalaria ochroleuca ina majani ya kijani kinachong'aa, maganda manene na ladha ya upole. Crotalaria brevidens, ile chungu, majani yake yanaelekea kwenye rangi ya buluu na maganda yake ni membamba. Wazee wengi Wajaluo na Waluhya huitafuta hii ya pili. Huichanganya na mrenda au kunde, hutia magadi kidogo au munyu wa majivu, kisha maziwa, na mboga iliyolala hadi kesho yake ikapashwa moto huwa tamu zaidi. Magadi yakizidi na mboga ikatokota mno, vitamini C hupotea, na anayemwaga maji ya kuchemshia humwaga madini pia. Mimi naona uchungu kidogo unastahili kubaki.

Hapa sasa nataka tusikilizane vizuri, kwa kuwa kosa la upande huu linaweza kuleta madhara makubwa. Wapo wanaoamini kwamba kila mmea wenye ua la njano na ganda la namna hii ni mitoo. Crotalaria ina spishi takriban 700, nyingi zikiwa za Afrika. Baadhi, kama Crotalaria retusa na Crotalaria spectabilis, zina kemikali zinazoharibu ini, na zimewahi kuua mifugo. Kuchemsha si kinga ya kutegemea. Uchungu nao hauwezi kukuonya, kwa sababu mboga yetu wenyewe ni chungu. Usichume kando ya barabara kwa kutazama ua. Chukua mbegu kwa mtu aliyekuwa akiipanda na kuila nyumbani kwake. Kinacholiwa ni majani na vichipukizi vichanga, si mbegu, na mbegu usiwatupie kuku.

Wanaosema mitoo haina mbegu za kutegemewa mara nyingi wamechuma kila kitu. Acha mashina machache yenye nguvu yasichumwe kabisa, hadi maganda yawe ya kahawia. Jina Crotalaria limetokana na neno la Kigiriki la chombo cha muziki cha kugonganisha, na sababu utaisikia mwenyewe: tikisa ganda karibu na sikio, na kama limekauka mbegu zitalia ndani kama kayamba. Vuna asubuhi hiyohiyo. Ukingoja jua la saa nane, ganda hupasuka na mbegu huishia chini.