Sawaki Kōtarō, mwandishi aliyeingia ulingoni

Wanafunzi wangu wa uandishi wa michezo huwa nawaanzishia na barua, si na ripoti ya mechi. Iliandikwa Januari 1968 na Tsuburaya Kōkichi, mwanajeshi wa Japani na mkimbiaji wa marathoni. Anawaaga wazazi wake, kaka zake na shemeji zake mmoja baada ya mwingine, akiwashukuru kwa vyakula: kiazi kikuu kilichokunwa, matunda yaliyokaushwa, mochi (vikate vya mchele), sushi. Vilikuwa vitamu, anasema, na anarudia, vilikuwa vitamu. Kisha anasema amechoka kabisa, hawezi tena kukimbia. Alijiua akiwa na miaka 27.

Katika Olimpiki ya Tokyo, 1964, Tsuburaya aliingia uwanjani akiwa wa pili nyuma ya Abebe Bikila wa Ethiopia. Basil Heatley wa Uingereza akampita humo humo, mbele ya Wajapani wenzake. Walipishana kwa chini ya sekunde 4. Akapata shaba.

Kwa Sawaki Kōtarō, mwandishi wa Kijapani wa habari za kweli, habari ilikuwa kwa huyo wa tatu. Makala yake juu ya Tsuburaya imo katika kitabu cha 1976, *Yaburezaru Monotachi*, kinachohusu wanamichezo ambao ushindi uliwaponyoka.

Sawaki mwenyewe alizaliwa Tokyo mwaka 1947, akasoma uchumi chuo kikuu huko Yokohama, akapata kazi benki na kuiacha siku ya kwanza. (Jaribu kumweleza mzazi wako jambo hilo.) Aliyemsukuma kwenye uandishi ni mwalimu wake wa chuo, Nagasu Kazuji, ambaye baadaye alikuwa gavana wa mkoa wa Kanagawa.

Mwaka 1978 akatoa kitabu cha siasa, *Teroru no Kessan*. Kinahusu Oktoba 1960, kijana wa miaka 17, Yamaguchi Otoya, alipomchoma kwa upanga mwenyekiti wa chama cha Kisoshalisti, Asanuma Inejirō, akiwa jukwaani anahutubia. Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia nzima. Sawaki aliyafuata maisha ya wote wawili, muuaji na mzee aliyeuawa, mpaka yakakutana pale jukwaani. Mwandishi mwenyewe humwoni popote. Kitabu kikashinda tuzo ya Ōya Sōichi, tuzo ya Kijapani ya maandishi ya habari za kweli.

Wengi wetu tungeishika fomyula hiyo maisha yote. Yeye akageuka. Cassius Naito, bondia mwenye mama Mjapani na baba askari Mmarekani mweusi, aliwahi kuwa bingwa wa Mashariki, yaani wa kanda ya Asia, uzito wa kati, kisha akapotea. Aliporudi mazoezini mwaka 1978, Sawaki hakukaa pembeni na daftari. Aliingia kambini kwake, akahangaika kumtafutia pambano, na hata fedha zake zikaingia humo. Mwaka 1979 Naito alipanda ulingoni Seoul na kupigwa. *Isshun no Natsu*, cha 1981, kinasimulia hayo yote kwa "mimi".

Wanafunzi huniuliza kama huo bado ni uandishi wa habari. Nami huwajibu kwamba nisingemruhusu ripota wa gazeti kufanya hivyo hata siku moja. Ila Sawaki hajifichi: anamwonyesha msomaji jinsi tamaa yake mwenyewe inavyomsukuma bondia aliyechoka, na kurasa hizo ndizo zinazoniuma zaidi.

Naito alifungua jimu yake Yokohama mwaka 2005, huku akiugua saratani ya koo. Mwanawe, Rikki, akaja kuvaa mkanda wa Mashariki na Pasifiki.